Toba ya Mashuda Yerusalemu

Zama ambazo wafalme wa Nubia walivaa taji lenye msalaba na kutawala Mto Naili kutoka Dongola, hakukuwa na askari walioogopwa kama wapiga upinde wa nchi hiyo. Adui zao waliwaita watoboa macho, kwa sababu mishale yao ililitafuta jicho la mtu chini ya chapeo. Mashuda alikuwa mmoja wao. Siku moja, katika vita vya mpakani, vumbi likiwa limetanda, mshale wake ulilipata jicho la ndugu yake wa tumbo moja.

Hakuna aliyemshitaki. Alikwenda mwenyewe kwa askofu, akapiga magoti, naye askofu akampa toba nzito: aape kwamba hatagusa upinde tena maisha yake yote, na aende Yerusalemu kwa miguu akaungame mbele ya Kaburi la Bwana. Mkewe, Asti, alipopata habari hizo alianza kufunga mizigo.

"Toba ni yangu," Mashuda alimwambia. "Wewe hukumuua mtu."

"Aliyekufa ni shemeji yangu," Asti akajibu, "na anayekwenda ni mume wangu. Nibaki hapa nifanye nini?"

Walitembea miezi kumi. Waliufuata mto hadi Aswani, wakapita Misri, wakaingia jangwa la Sinai nyuma ya msafara wa ngamia uliobeba kitani na pilipili. Wanyang'anyi waliwavua majoho na viatu. Asti alifunga miguu yake kwa matambara akaendelea kuimba zaburi, na kila jioni alimwambia mumewe kwamba siku moja imepungua.

Walipoiona Yerusalemu kutoka kilimani, walilala kifudifudi mavumbini wakalia. Lakini Asti aliingia mjini akiwa na homa. Walipata chumba kwa mjane mmoja Mwislamu, jina lake Zumurrudi, aliyeoka mikate karibu na ukuta wa kaskazini. Kila siku Mashuda alipanda hadi mlango wa kanisa la Kaburi, akaugusa, akarudi. Alikuwa ameapa kwamba hataingia bila mkewe.

Basi wakawa wanangoja homa ishuke, na huku habari za jeshi la Wafaranga zikaja kwa kishindo. Wafaranga walitoka nchi za magharibi, wamevaa deraya za chuma na misalaba ya nguo mabegani, na walikuwa wameapa kuuteka mji mtakatifu. Mkuu wa ngome aliogopa kusalitiwa kutoka ndani. Akaamuru Wakristo wote wafukuzwe.

Mashuda alikamatwa na askari kisimani, ndoo ikiwa mkononi. Alipiga kelele kwamba mkewe ni mgonjwa, wakampiga kwa mipini ya mikuki mpaka nje ya lango, na lango likafungwa.

Askari walipofika kwa Zumurrudi, walimkuta Asti mkekani, amefunikwa ushungi wa mwenye nyumba. Msalaba wake ulikuwa umekwisha tupwa ndani ya pipa la unga.

"Huyu nani?" askari mmoja aliuliza.

"Binti wa marehemu mume wangu. Mama yake alikuwa suria wa Kinubi."

"Apa."

Zumurrudi akaapa kwa jina la Mungu. Askari walipoondoka, alisukutua kinywa chake mara tatu, akaketi chini na kutazama mikono yake.

"Sijapata kumwapia Mungu uongo kabla ya leo, mwanangu," alisema. "Ukipona, niombee kwa lugha yako. Na mimi nitaomba kwa yangu."

Nje ya ukuta, Mashuda alidhani amefika kwa ndugu zake katika imani. Lakini Wafaranga walipofika walimfunga kamba kiunoni wakamtia kazini. Visima vyote vya jirani vilikuwa vimezibwa, na maji yaliletwa kutoka mbali ndani ya ngozi mbichi zinazonuka. Watu walipigania matope. Punda walikufa wakaachwa walipoangukia. Mashuda na mateka wengine walikokota magogo kutoka vilimani ili mafundi wajenge minara ya magurudumu, na aliyeanguka hakuinuliwa.

Siku moja shujaa wa Kifaranga, mwenye kovu lililokata kidevu chake vipande viwili, aliushika mkono wa Mashuda akaugeuza. Aliona sugu kwenye kidole gumba, alama ya pete ya jiwe wanayovaa wapiga upinde wa Nubia. Alimwita mkalimani wake, Barsauma, Mkristo wa Shamu.

"Anasema wewe ni mpiga upinde," Barsauma alieleza. "Watu ukutani wanatuua mmoja mmoja. Anataka uwapige machoni."

"Mwambie nimeapa. Sishiki upinde tena."

Barsauma alitafsiri. Yule shujaa akasema jambo fupi.

"Anasema padri wake atakufungua kutoka kiapo hicho."

"Mke wangu yuko nyuma ya ukuta ule," Mashuda alisema. "Hata ningefunguliwa, nisingepiga."

Shujaa hakukasirika, na hilo ndilo Mashuda alilolikumbuka baadaye. Aliagiza gogo liletwe, mkono wa kulia ukalazwa juu yake, na vidole vitatu vikakatwa kwa shoka la seremala. Kisha akasema, na Barsauma akatafsiri akiwa ameangalia pembeni: "Basi kiapo chako sasa ni rahisi kukitimiza."

Wakachoma kidonda kwa chuma cha moto. Kesho yake alirudishwa kwenye magogo.

Mji ulianguka siku ya Ijumaa, adhuhuri. Mnara mmoja uliegemea ukuta wa kaskazini, Wafaranga wakamiminika juu ya daraja la mbao, na lango likafunguliwa kutoka ndani. Mashuda alikata kamba yake kwa panga alilolichukua kwa maiti, akakimbia pamoja na jeshi.

Alikuwa ameona vita tangu ujana wake, lakini hakuwahi kuona hivi. Wafaranga hawakuwa wakipigana tena. Waliwatoa watu majumbani na kuwaua vizingitini, wazee na wanyonyeshaji, na waliokimbilia mapaani walisukumwa chini. Katika mtaa mmoja maji machafu ya mfereji yalikuwa yamegeuka mekundu, na mtu mwenye msalaba begani alikuwa akinawa uso humo akiimba. Mashuda alichana kanzu yake, akafunga tambara kifuani kwa namna ya msalaba, na kwa ajili ya tambara hilo walimwacha apite.

Alifika nyumba ya Zumurrudi mlango ukiwa umekwisha vunjwa. Shujaa mwenye kovu alisimama uani pamoja na Barsauma na watu wawili. Asti, amekonda lakini amesimama kwa miguu yake, alikuwa mbele ya Zumurrudi, msalaba wake mkononi na unga ukiwa bado umeganda juu yake.

"Mimi ni Mkristo kutoka Dongola," alikuwa akisema kwa Kiarabu kibovu. "Na huyu ni mama yangu. Ni Mkristo kama mimi."

Mashuda akasimama kando ya mkewe. Hawakukumbatiana. "Ndivyo," alisema. "Ni mama yetu."

Shujaa alimtambua, akautazama mkono wake, akatabasamu kidogo. Akasema neno.

"Anataka bibi huyu aubusu msalaba na kumkiri Kristo," Barsauma alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, na hayo hayakuwa maneno ya bwana wake: "Bibi, fanya tu. Mungu anajua moyo."

Asti aliuinua msalaba hadi midomoni mwa mjane. "Mama, nakuomba. Ulisema uongo kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako, ndiyo," Zumurrudi alisema. "Uongo ule nitauombea msamaha leo hii. Usinipe mwingine wa kubeba."

Akausogeza mkono wa Asti taratibu, kama mtu anayekataa chakula kwa adabu, akaanza shahada yake. Upanga wa shujaa haukumwacha aimalize. Asti aliangukiwa na mwili wake, wakaenda chini pamoja, na Mashuda alimrukia shujaa kwa mkono wake uliokatwa vidole. Wale watu wawili walimkandamiza ukutani mpaka bwana wao alipofuta upanga na kutoka.

Siku mbili baadaye, mateka waliosalia waliamriwa kutoa maiti nje na kuzichoma. Kuchimba makaburi kulikatazwa. Mashuda na Asti walimbeba Zumurrudi wenyewe, wakamlaza juu ya rundo la maiti, wakasimama mpaka moto ulipomfikia.

Kisha wakapanda kanisani. Mlangoni padri wa Kifaranga alikuwa akiwabariki wote waingiao, na Barsauma, aliyekuwa hapo, akawatafsiria: siku hizi dhambi zote zimefutwa kwa kila aliyeshiriki ushindi. Ndani, shujaa mwenye kovu alikuwa amepiga magoti akilia kwa furaha.

Mashuda akarudi nyuma. "Siwezi," alisema. "Kama msamaha ni huu, siutaki."

"Kaburi si lao," Asti alijibu. "Walilikuta hapa. Umetembea miezi kumi, mume wangu. Usimpe mtu yule na hili pia."

Wakaingia. Mashuda hakuungama kwa padri yeyote. Aliweka paji la uso wake juu ya jiwe, akataja jina la ndugu yake. Asti akapiga magoti kando yake, akamwombea Zumurrudi kwa Kinubi.

Walirudi Dongola mwaka uliofuata. Huko, kila Kwaresima, padri husoma majina ya marehemu na watu huitikia, "Bwana umrehemu." Asti aliomba jina la mjane liandikwe. Padri alikataa, kwa kuwa hakubatizwa. Basi siku ya kusomwa majina, padri alipomaliza, Asti alisimama akalitaja mwenyewe, na katika kanisa zima aliitikia Mashuda peke yake.

Mwaka wa pili waliitikia watu wanne. Waandishi wa vita vile waliandika nani alitangulia kupanda ukuta, na minara ilikuwa na kimo gani. Huko Nubia, Asti alikuwa mzee wa fimbo, Mashuda akiwa amekwisha zikwa, siku moja ya kusomwa majina aliposhindwa kusimama kwa wakati. Padri alifunga kitabu, kisha akalitaja jina la Zumurrudi yeye mwenyewe.