Aliyekwenda Mahakamani kwa Jina Langu

Nisikilizeni kwanza. Anayetaka kuniita mwendawazimu aniite nikishamaliza.

Magharibi ilikuwa inakaribia. Nimetoka kwangu Sidab, hapa Maskati, nimekwenda hadi Khuwair ya Kusini kwa jambo dogo tu, nichapishiwe karatasi yenye tarehe ya kesi yangu. Kule kuna ofisi za sanad, zile za mtaani zinazotufanyia mambo ya serikali kwenye kompyuta, na jioni huwa wazi. Mie na simu hatuelewani. Kila nikijaribu kuingia kwenye mtandao wa mahakama, unanitoa nje kama mwizi.

Kesi yenyewe ni ya hadhana, yaani nani akae na mtoto. Mimi na Azzam tumeachana. Tuna binti mmoja, Reem, wa miaka sita. Mwisho wa wiki alikwenda kwa babake na bibi yake, Madinat Sultan Qaboos, kama kawaida yake, alale kisha arudi. Hakurudishwa. Nikipiga simu, Azzam hapokei. Haya, nikasema, mahakama si ipo? Tutaonana huko huko.

Binti wa kaunta akiitwa Nouf. Mamake mtu wa Unguja, kwa hiyo tukasemezana Kiswahili. Nikampa kitambulisho, akakichomeka kwenye kile kimashine, nami nikatia namba yangu ya siri. Akanieleza kuwa faili za familia hazifunguliwi ovyo. Ni mwenye kesi au wakili wake, na bila ya kadi na namba hata yeye haoni kitu. Nikafurahi kusikia hivyo, maana ile nyumba ya Azzam ina wapekuzi.

Akasoma. Akasoma tena...

"Dada Rawya," akasema, sauti imeshuka. "Kesi hii imekwisha."

Imekwisha vipi, nami sijasimama mbele ya hakimu? Akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Hukumu imeshatoka. Mtoto akae kwa babake. Nikamwambia anifungulie na kumbukumbu za kikao, nijue nani alisema nini. Akafungua. Imeandikwa kuwa mama wa mtoto alihudhuria mwenyewe Jumatatu asubuhi. Kitambulisho chake kimeonekana. Mtumishi wa kike ameutazama uso wake. Alama ya kidole chake imekubali kwenye mashine. Na alipoulizwa ana lipi la kusema, alijibu: Sina neno, mtoto akae kwa babake.

Sikwenda.

Wallahi sikwenda.

Jumatatu ile naikumbuka vizuri. Nililala mpaka alasiri, mimi ambaye alfajiri hainipiti, nikaamka mwili umevunjika kama nimepakua mawe. Hakukuwa na mtu nyumbani wa kuniamsha. Nyayo zangu zilikuwa na vumbi. Kitambulisho, ambacho hakitoki mkobani, nikakikuta juu ya friji. Na nguo yangu ya kulalia ilikuwa inanuka udi... udi mzito, wa watu wengine. Nikajisemea homa hiyo. Nikanywa panadoli, nikarudi kulala.

Nouf akaniuliza kama nna pacha. Sina. Akanichapishia nakala, akanisogezea juu ya kaunta bila ya kunigusa mkono. Akanambia muda wa kukata rufaa bado upo, nisiuchezee.

Nikampigia Azzam nikiwa ndani ya gari. Safari hii akapokea. Nilimrushia kila tusi ninalolijua, la Kiarabu na la Kiswahili, mpaka nikaishiwa pumzi. Akangoja nimalize.

"Rawya, ulisimama mbele yangu," akasema. "Nilikuuliza mara mbili una hakika. Hukunitazama hata usoni."

Alikuwa analia. Nimekaa na Azzam miaka, namjua akisema uongo, huanza kukohoa. Siku ile hakukohoa. Basi ndipo baridi iliponiingia, na joto lote la Maskati pale nje.

Sikurudi Sidab. Nikaenda moja kwa moja Madinat Sultan Qaboos, nikapitia mlango wa nyuma, wa jikoni. Ile nyumba ni ya mama mkwe wangu wa zamani, Bi Sayyida, na mfanyakazi wake ni Peninah, msichana wa Kenya, mtu wa kanisa, hana maneno mengi. Aliponiona akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga sinki.

Nikamwambia naomba kumwona mwanangu tu. Akanitazama miguu kwanza. Alipoona nimevaa viatu, akashusha pumzi.

"Leo ni wewe," akanong'ona. "Ile Jumatatu haikuwa wewe, ama?"

Akanihadithia kwa haraka, jicho liko mlangoni. Jumatatu, jua halijachomoza, alinikuta nimesimama pale pale jikoni, miguu mitupu, nguo ya kulalia. Akanisalimia. Sikuitikia. Nikaanza kuosha vyombo, vilivyo safi na vichafu, narudia sahani ile ile... Kisha Bi Sayyida akashuka, hana hata mshangao, akanivalisha abaya yake, akaninong'oneza sikioni kitu kimoja mara nyingi, akanitia garini. Peninah akajifungia chumbani mwake, akaomba Mungu mpaka mchana.

Nikamuuliza kabla ya hapo alisikia nini. Akasema alimsikia Bi Sayyida chumbani kwake, mlango umefungwa, anaita jina langu pamoja na jina la mamangu, anaita, anaita, na harufu ya udi inatoka chini ya mlango. Alichungulia tundu la ufunguo, akamwona anachoma jivu. Jivu la chetezo, kile cha kufukizia udi.

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukaniuma kuliko hukumu.

Sisi kwetu mgeni haondoki mikono mitupu wala nguo kavu. Akishakunywa kahawa, huletewa chetezo, akakipitisha chini ya nguo, akajifukiza, ndiyo ruhusa ya kuaga. Hukatai. Ukikataa umemtukana mwenye nyumba. Mara ya mwisho nilipompeleka Reem, Bi Sayyida alinikirimu kuliko siku zote. Tumeshaachana na mwanawe, kesi iko mahakamani, naye ananishikia chetezo mwenyewe, ati nikae nacho, nisione haya. Nikakaa. Mpumbavu mimi. Moshi ukaniingia mwilini, nywele, jasho, yote, na Peninah alimwona baadaye akilikusanya jivu lile kwenye kitambaa. Adabu ndiyo iliyoniponza.

Sikulia. Nilikwishalia siku za talaka. Safari hii kifua kiliwaka, na nilitaka kuwaka. Mwanamke amenichukua mimi, amenitumia kama ufagio, na kwa mdomo wangu mwenyewe amenivua mwanangu. Na Reem yuko juu pale, ameambiwa mama yako hakutaki tena. Peninah aliniambia mtoto anauliza hilo kila siku kabla ya kulala. Kumchukua usiku ule nisingeweza, hukumu ilikuwa mikononi mwao.

Nikakata rufaa kwa Nouf asubuhi yake, na Bi Sayyida nikamwandikisha shahidi. Na Ijumaa, baada ya alasiri, nikaenda kumzuru Bi Sayyida.

Sebule ilikuwa imejaa wanawake, jamaa na majirani, ndivyo nilivyotaka. Akanipokea kwa busu. Nikambusu na mimi. Nikanywa kahawa yake, nikala halua yake, nikamuuliza hali ya magoti. Peninah alipoingia na chetezo, nikainuka nikakipokea. Nikasema mbele ya watu wote kwamba huyu ni mama yangu hata kama mwanawe ameniacha, na leo namfukiza mimi.

Wanawake wakasema mashallah.

Bi Sayyida akanitazama. Alijua. Nikaliona jicho lake likitafuta pa kutokea. Lakini angesemaje? Akatae udi nyumbani kwake, mbele ya wageni wake? Akanyanyua pindo la nguo taratibu, nami nikakitia chetezo chini, nikakiacha kikae. Kikae sana. Mpaka paji la uso likamtoka jasho.

Jivu nikaondoka nalo kwenye kitambaa. Na jina la mamake silihitaji kuuliza kwa mtu. Nimekuwa mke katika nyumba ile. Kila Ramadhani tulimsomea marehemu khitma, na mimi ndiye niliyekuwa nikitaja jina kwa sauti.

Siku ya kikao, kabla ya jua, nikakoka makaa jikoni kwangu Sidab. Nikalitia jivu. Nikaita.

Hakuna kitu.

Nikaita tena. Moshi ukaacha kupanda, ukawa unatambaa sakafuni, kuelekea mlango wa nyuma... Kisha nikasikia mguu. Mguu mtupu juu ya saruji, pole pole, kama mtu anayetembea na usingizi. Mlango sikuufungua mimi.

Bi Sayyida alikuwa amesimama na nguo ya kulalia, kitambulisho mkononi, macho wazi, hayatazami kitu. Alinuka udi, na chini ya udi alinuka udongo mbichi. Akanipita. Akaenda kwenye sinki, akafungua maji.

Nilitaka kukimbia, siwadanganyi. Lakini nikamvalisha abaya. Ndani ya gari nikamnong'oneza njia nzima: mtoto arudi kwa mamake, mimi ndiye niliyemdhulumu, nikamlazimisha akubali.

Mahakamani Azzam alipotuona tunaingia pamoja, alisimama. Akamtazama mamake, akatazama simu yake, akampigia Peninah palepale. Mimi nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya Peninah kwenye simu.

"Mama yuko kitandani. Ana homa, haamki."

Azzam akaishusha simu. Akatazama chini, kwenye pindo la abaya. Vidole vya miguu vilikuwa vitupu, vina vumbi.

Akarudi kukaa, akaacha kikao kiendelee. Mtumishi wa kike akautazama uso wa Bi Sayyida, kidole kikakubali, na alipoulizwa akayatoa maneno yangu kama nilivyoyatia. Hakimu akauliza mengine. Yeye akarudia yale yale. Hukumu ikageuzwa, na jioni ile Reem akalala kifuani pangu, ananikunja nguo kwa ngumi kama mtoto mchanga. Nilimwambia mpaka akalala kuwa sikumwacha, nisingemwacha, na atakayesema hivyo ni mwongo.

Lililobaki sijui niliseme vipi.

Peninah alinambia kuwa ile Jumatatu, niliporudishwa kutoka mahakamani, niliondoka pale jikoni peke yangu, makaa yalipozimika. Na mimi yangu nikayaacha yazimike? Sikuyaacha. Nawaambieni kweli, maana nimeshaanza. Nilirudi nyumbani na yule niliyemwita, nikatia mkaa mwengine. Na kesho yake mwengine. Alikuwa anaosha vyombo vyangu, anapangusa sakafu yangu, yule aliyeniambia siku ya harusi kwamba sijui hata kuchemsha maji. Azzam akawa ananipigia, mamake haamki, madaktari hawaoni ugonjwa, wanamsomea Yasini, nimsamehe kama kuna jambo. Nikamwambia hakuna jambo. Nikakata simu, nikaenda kukaa jikoni kumtazama akisugua sufuria, na wallahi moyo wangu ulistarehe.

Juzi wakamzika.

Nilisema basi, imekwisha, nimeshalipiza na ziada. Nikamwaga makaa, nikayamwagia maji, jivu lote nikalitupa mbali. Nikageuka.

Yupo.

Amesimama pale pale mbele ya sinki. Nikamwambia enenda. Nikasoma nilichokijua kusoma, nikasoma na kile ninachokikosea. Hakugeuka. Azzam mwenyewe alimshusha kaburini kwa mikono yake, na mimi nnaye jikoni, hana makaa yanayomshika wala jina linalomwita. Sijui sasa anamsikiliza nani.

Kwa Reem hakuna cha ajabu. Kwake ni bibi yake amekuja kukaa nasi. Reem hunyamaza akiniona mimi naingia, lakini nikiwa chumbani nasikia mtoto anazungumza, ananyamaza kama mtu anayesikiliza, kisha anacheka. Jana nilimchukua tukalale hotelini. Tulipofungua mlango wa chumba, maji yalikuwa yanamwagika bafuni.

Tangu juzi sijalala. Nimekaa kitandani kwangu, Reem nimemfunga kwa mkono wangu, taa zote zinawaka. Sasa hivi ameinua kichwa, akatazama mlangoni nyuma yangu, akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa jambo na amelikubali. Kisha akanipapasa shavu, kwa upole, kama mtu mzima.

"Mama, bibi anasema we lala tu. Mimi nitakaa na bibi."

Na mimi, jamani, macho yanajifumba.