Kibanda Alichokikana Dobi

Kila asubuhi Dobi aliwasha mkaa kabla mumewe hajaamka. Alipepea mpaka makaa yakawa mekundu, akayatia ndani ya pasi, kisha akalinyunyizia maji shati la kwanza. Kazi hiyo aliifanya katika kibanda cha mbao mbele ya nyumba. Kilikuwa na meza moja, kamba mbili na paa la bati. Kibanda hicho ndicho kilichosomesha watoto wake wawili.

Nyumba ya pili ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe. Yeye alikuwa msusi. Naye alisukia watu mbele ya nyumba, kwenye kibaraza cha saruji.

Mwaka huo manispaa iliamua kujenga njia ya baiskeli, maana wanafunzi walikuwa wakigongwa na magari. Kipande cha mbele cha kila kiwanja kingetwaliwa, na wenyewe wangelipwa fidia.

Siku orodha ya fidia ilipobandikwa, Dobi alisoma kwanza mstari wa wifi yake. Ardhi, kibaraza, benchi, milimau miwili, usumbufu wa biashara. Kisha akasoma wake. Ardhi na uzio. Basi.

Roho ilimuuma. Alirudi nyumbani bila kusalimia mtu.

"Dada yako amehonga," alimwambia mumewe.

"Umemwona?"

"Mpaka nione? Milimau yenyewe haijawahi kuzaa hata limau moja!"

"Mke wangu, hata aliponunua kapeti ulisema hivyo hivyo."

"Na kapeti lile alilipata wapi?"

Maneno hayo Dobi alimwambia kila mteja. Yakafika kwa msusi, naye akaacha kusalimia.

Siku ya tano alikuja karani mstaafu wa ofisi ya ardhi kuchukua mashati yake. Naye akaambiwa. Mzee akavuta kigoda, akakaa.

"Mthamini wa manispaa alipokuja kukagua mali, ulimwambia nini kuhusu kibanda hiki?"

Dobi akainamia pasi. "Nilimwambia si changu."

"Cha nani?"

"Cha mpita njia."

Karani alicheka mpaka miwani ikateleza. "Mpita njia gani huyo, anatembea na kibanda?"

"Niliogopa, mzee wangu! Sina leseni. Nilidhani ni watu wa kodi. Pasi niliificha chini ya kitanda ingali ya moto, nusura godoro liungue."

"Kwa hiyo wifi yako hakuhonga. Yeye alionyesha mali yake, wewe uliikana. Sikiliza, binti yangu. Manispaa inaweza kutwaa ardhi kwa faida ya umma. Lakini lazima itoe notisi, ithamini mali mbele ya mwenyewe, na imlipe kabla hajahama. Nawe una kazi yako. Tembea na mthamini. Onyesha jengo, mti, biashara. Soma fomu kabla ya kutia sahihi."

"Nimeshachelewa."

"Chini ya orodha pameandikwa siku kumi na nne za kuleta pingamizi. Hukusoma?"

Hakusoma. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mstari wa wifi.

"Zimebaki tisa. Andika ukweli wote, hata ule uongo wako. Kisha jirani wa mpakani ashuhudie kuwa kibanda ni chako."

Dobi alitazama. Upande mmoja ulikuwa mtaro. Upande wa pili, wifi.

Alimkuta akisuka.

"Karibu," alisema msusi. "Umekuja kukagua milimau?"

"Nimekuja kuomba radhi, wifi. Nilikuwa na wivu. Nilikusingizia."

"Uliwaambia wangapi?"

"Wote waliokuja kupigiwa pasi."

"Basi hao wote uwaambie ukweli."

"Nitawaambia."

Msusi alimaliza msuko mmoja, taratibu. "Ningenyamaza tu, ningekukomoa."

"Najua."

"Lakini hao watoto ni wa kaka yangu. Lete karatasi."

Alifuta mafuta mikononi, akatia sahihi. Kisha akatafuta picha katika simu. Mteja aliyesukwa alikuwa akitabasamu. Nyuma yake alionekana Dobi ndani ya kibanda, ameshika pasi, amenuna.

"Ina miaka mitatu hii," alisema msusi. "Peleka iwe ushahidi. Hata hapo ulikuwa unanitazama mimi!"

Wote wawili wakacheka.

Mthamini alirudi. Safari hii Dobi alitembea naye kona hadi kona, akasoma fomu neno kwa neno. Kibanda kikaandikwa, na biashara pia. Alilipwa kabla hakijabomolewa, akajenga kingine nyuma kidogo, akakata na leseni. Wateja aliwaambia ukweli, mmoja mmoja, na uso ukimwaka.

Njia ilipokamilika, watoto walikwenda shule bila kukwepa magari. Asubuhi moja mama mmoja alisimamisha baiskeli kati ya kibanda kipya cha Dobi na kibaraza kipya cha wifi yake. Alikitazama kibanda, akakipita, akaenda kukaa kwenye benchi la msusi, aliyekuwa ndani ya nyumba.

Roho ilimchoma Dobi kidogo. Akaweka pasi pembeni, akapaza sauti:

"Wifi! Toka, una mteja!"