Mjane wa Thiervoz

Kilichotangulia ni harufu ya gundi ya moto. Ilikuwa Jumapili adhuhuri, huko Faubourg Saint-Antoine, Paris, na Anselme Courtade na mkewe Solange walikuwa mezani wakila kuku. Karakana iliyo chini ya nyumba yao ilikuwa imefungwa, na jiko la gundi lilikuwa limezimwa tangu Ijumaa.

"Umeacha gundi motoni, mama?" Anselme alimuuliza mkewe.

"Gundi gani? Pua yako nayo inazeeka, mzee wangu."

Lakini Solange naye alikuwa ameacha kutafuna.

Anselme alikuwa mthamini wa samani za kale. Solange alizitengeneza zilizoharibika. Watu walilijua jina la Anselme. Solange walimwita mkono wa Courtade, naye alikuwa amekwisha kuzoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Wiki hiyo walikuwa wameletewa kabati la droo la kale. Chini ya marumaru yake palikuwa na chapa ya fundi mkuu Gaspard Thiervoz, aliyefariki mwaka 1741. Anselme alifungua vishikio vya shaba, akaona juu yake herufi C yenye taji, alama ya kodi ambayo haikupigwa kabla ya 1745. Tundu za skurubu zilikuwa zile zile za kwanza. Vishikio havikubadilishwa kamwe.

"Maiti hachongi," alisema Solange. "Hili ni la mjane wake, Marie-Ursule. Chama cha mafundi kiliwaruhusu wajane kuendesha karakana kwa chapa ya mume."

"Najua."

"Basi uandike hivyo."

Anselme akavirudisha vishikio mahali pake. Tangu siku hiyo randa ilisikika ikikwaruza mbao mchana kweupe, na walipofungua mlango hawakukuta mtu, ila maranda mabichi sakafuni. Kisha Solange akaanza kuimba wimbo asioujua, akaanza kushika patasi kwa mkono wa kushoto, na siku moja Anselme alipomgusa bega akitaka kumwamsha kutoka katika ule usingizi wa macho wazi, alinusa gundi ikitoka katika nywele zake, ikitoka katika pumzi yake, akaona vidole vya mkewe, aliyeishi naye miaka thelathini, vikilipapasa lile kabati taratibu, kama mama anavyompapasa mtoto aliyerudi kutoka mbali, huku midomo yake ikimnong'oneza mtu ambaye hakuwa yeye.

Akamwita Bi Perrine Gaudry, mganga kutoka mkoa wa Berry. Mama huyo alilizunguka kabati na mshumaa mkononi. Mwali wake ukalala upande mmoja.

"Huyu si mgomvi," alinong'ona. "Anadai jina lake. Mwenye kulijua alitamke mbele ya mnunuzi, ataondoka."

"Na nisipolitamka?"

"Usinichekeshe, baba. Jina moja tu. Litakuchubua ulimi?"

"Lakini nisipolitamka?"

"Atachukua lililo karibu."

Anselme aliapa kwamba atalitamka. Mnunuzi, Bwana Hector de Brémontel, alipofika, Solange alikuwa amekaa pembeni mwa karakana, mweupe kama chokaa, akimtazama mumewe. Ilikuwa zamu ya macho yake mwenyewe, si ya yule mwingine, Anselme aliyatambua.

"Nasikia kuna minong'ono," alisema Brémontel, akiipapasa marumaru. "Kwamba eti ni la mjane. Courtade, ndugu yangu, mimi nakusanya mafundi. Wajane ninao wa kutosha katika ukoo wangu!"

Akacheka. Jina lilikuwa limefika kwenye meno ya Anselme. Alifikiria wathamini wenzake, waliokuwa wamekwisha kusikia kwamba Courtade amepata Thiervoz. Akaona aibu ya kuwageuzia kauli. Naye akacheka.

"Watu hawaishi maneno, bwana. Ni Gaspard Thiervoz mwenyewe, hakuna mwingine."

Solange akafumba macho.

Kabati likachukuliwa mchana ule ule. Lori lilipopinda kona, harufu ikakatika, na nyumba ikawa kimya, kimya kitamu, hata Anselme akajikuta anapiga mluzi akiteremka ngazi.

"Umeona, mama? Ameondoka! Bi Perrine alitutisha bure."

Mkewe alikuwa kwenye meza ya karakana akipiga randa, kwa mkono wa kushoto.

"Solange."

Hakugeuka.

"Solange, nakuita!"

Akainua uso, akamtazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mteja aliyepotea njia.

"Hapa hakuna Solange, bwana. Mimi ni mjane wa Thiervoz."

"Mama, ni mimi. Mume wako."

"Mume wangu tumekwisha kumzika," alisema, akapuliza maranda juu ya ubao.

Ndipo Anselme alipolitamka lile jina. Marie-Ursule Thiervoz. Alilitamka kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, kisha kwa kilio, huku amemshika mikono.

"Naam," aliitika mwanamke. "Nakusikia. Kuna kazi umeleta?"