Ndege Aliyoishika Mkononi

Usiniambie ati mwenzangu wa chumbani aliota. Waongo nawajua, yeye simweki humo. Mchana kweupe aliingia ukumbi wa michezo usio na dirisha, kurekebisha ndege yake ndogo ya mfano, ya mbao nyepesi za balsa, inayoendeshwa kwa ukanda wa mpira uliosokotwa. Isipotulia hewani siku hiyo, anaenguliwa mashindanoni. Alibandika punje ya plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, puani mwa ndege kuiongezea uzito, akausokota mpira mpaka ukajaa vifundo, akaibana propela isizunguke, maana ikizunguka tu msokoto huisha.

Mwenyekiti wa klabu yao ya ndege za mfano, bingwa wa kejeli, akazima taa na kufunga mlango kwa nje.

"Rusha gizani basi, rubani wa jikoni!"

"Washa taa, mjinga wewe!"

Ndipo kitu kikavuma juu yake, vrrr, kikizunguka kushoto, kila duru chini zaidi. Upepo ukampiga sikioni.

Nje, kicheko kikakatika. "Dada, mbona naisikia inaruka vizuri hivyo?"

"Sijaiachia. Ninayo mkononi."

Mvumo ukanyamaza. Taa zikawaka, mlango ukafunguliwa kwa pupa. Hewani hamkuwa na kitu. Ngumi yake ilikuwa bado imeibana propela, na mpira ungali kwenye ndoano zake zote mbili, umelegea, hauna hata msokoto mmoja.