Sekela na Fundo Lililopinda

Sekela ana miaka sita. Anakaa Tukuyu, kule kwenye baridi na mvua na migomba. Leo ana furaha hadi miguu inamwasha!

Kesho kuna maonyesho ya mafundi uwanjani. Mafundi wa vyungu watakuja. Mafundi wa mikeka watakuja. Na mama yake Sekela atakuja na mafundo yake!

Mama ni fundi wa tepe. Anashona mito ya makochi, kisha anaifunga utepe. Anafunga utepe kwenye mapazia. Anafunga utepe kwenye vikapu. Siku hizi mji mzima unataka mafundo ya utepe. Hata jirani, Mama Anyisile, amefunga fundo kwenye birika lake la chai. Makubwa haya!

Cherehani inaimba, tara-tara-tara! Mkasi unaitikia, kacha! Kisha mama anafunga fundo, huku akiimba:

"Masikio mawili,
mikia miwili,
vuta... tulia!"

Na fundo linatulia. Sikio moja huku, sikio jingine huku. Sawasawa kabisa.

"Mama, na mimi!" Sekela akaruka. "Na mimi nifunge! Na mimi! Na mimi!"

Mama akacheka. Akampa mto mdogo wa njano. Akampa na utepe mwekundu, mrefu, unaoteleza.

"Huu ni wako, mwanangu. Fundo likikaa sawa, kesho mto wako utakaa mezani pamoja na mito yangu."

"Na lisipokaa sawa?"

"Basi mto utabaki nyumbani."

Ubaki nyumbani! Peke yake! Sekela hakutaka mto wake ubaki nyumbani. Hata kidogo.

"Haya, tazama," mama akasema. "Kwanza unapitisha huu wa kulia juu ya huu wa kushoto..."

"Nimeona! Nimeona!" Sekela akainuka. Akazunguka meza mbio. Akaizunguka tena.

"Sijamaliza, Sekela."

Lakini Sekela alikuwa ameshashika utepe wake. Nani wa kumsubiri mama?

"Masikio mawili,
mikia miwili,
vuta... tulia!"

Lo! Fundo halikutulia. Fundo lilipinda! Sikio moja linatazama dari. Sikio jingine linatazama sakafu.

Sekela akafungua. Akafunga tena. Likapinda tena.

Akajaribu kwenye mguu wa kiti. Likapinda.

Akajaribu kwenye mpini wa ufagio. Likapinda.

Akamtazama paka. Paka akauona utepe unakuja. Fyuu! Akatorokea dirishani. Paka yule ana akili sana.

"Njoo nikuonyeshe tena," mama akamwita. "Kwanza unapitisha huu wa kulia..."

"Hiyo naijua, mama!" Na Sekela huyoo, ameshakimbia.

"Haraka haraka, Sekela..."

"...haina baraka!" Sekela akamalizia kwa sauti, mbio vilevile.

Akafunga. Likapinda. Akafunga. Likapinda! Kesho ilikuwa karibu, na mto wa njano ulikuwa bado na fundo la kombo.

Mara mvua ikaanza. Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa!

"Nguo zangu!" mama akapiga kelele. Akatoka mbio kuanua nguo kwenye kamba.

Sekela akabaki peke yake. Chozi moja likashuka. La pili likalifuata.

Mbele yake kulikuwa na mto mkubwa wa bluu. Ulikuwa na fundo jeupe. Mama alilifunga fundo lile asubuhi, na kati ya mafundo yote, lile ndilo lililopendeza zaidi.

"Ndani yake kuna nini?" Sekela akajiuliza. "Mbona la mama linatulia?"

Alijua hapaswi kuligusa. Akaligusa.

Akavuta mkia mmoja, polepole. Hakuruka. Hakuzunguka meza. Alivuta kidogo, akatazama. Akavuta kidogo tena, akatazama. Swiii... sikio moja likatoka. Swiii... na la pili likatoka.

Sekela akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mto.

Chini, utepe wa kulia ulipita juu. Na baada ya hapo? Alikuwa ameona masikio yakitoka: hapo ni wa kushoto uliopita juu!

"Zamu!" Sekela akanong'ona. "Kulia kunapata zamu. Halafu kushoto nako kunapata zamu!"

Akautazama mto wake wa njano. Zamu ya kulia. Halafu zamu ya kulia tena! Maskini kushoto, hakupewa zamu hata moja. Kwa nini fundo lisipinde?

Sasa fundo la mama lilikuwa limefunguka. Utepe mweupe ulilala tu juu ya mto. Sekela akautazama mlango.

Akashika utepe mweupe. Zamu ya kulia. Akasubiri kidogo. Zamu ya kushoto.

"Masikio mawili,
mikia miwili,
vuta... tulia!"

Na fundo likatulia!

Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia na rundo la nguo, maji yanamchuruzika usoni.

Sekela angeweza kunyamaza. Lakini hakunyamaza.

"Mama, nimelifungua fundo lako jeupe. Nilitaka kuona ndani. Halafu nimelifunga tena. Samahani, mama."

Mama akaweka nguo chini. Akauchukua mto wa bluu. Akaugeuza huku. Akaugeuza huku. Sekela akaufuata kwa macho.

"Siku nyingine uniombe kwanza," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini fundo hili..." Mama akalitazama tena. "Fundo hili umelifunga wewe?"

"Ni mimi! Kila mkono una zamu yake, mama! Na kushoto pia!"

"Haya, sasa nionyeshe kwenye wa njano."

Sekela akakaa chini. Akakaa kweli. Akashika utepe mwekundu. Zamu ya kulia. Zamu ya kushoto. Masikio mawili, mikia miwili...

Vuta!

Sikio moja huku. Sikio jingine huku. Sawasawa kabisa!

"Lililililili!" Mama akapiga vigelegele. "Lililililili!" Sekela naye akapiga. Paka akachungulia dirishani, akaondoka tena.

Asubuhi uwanja ulijaa watu. Mito ikapangwa mezani, mikubwa nyuma, midogo mbele. Na mbele kabisa kulikuwa na mto wa njano.

Watu wakapita. Wakashika vikapu. Wakashika mapazia. Sekela akasubiri, akasubiri, akasubiri.

Bibi mmoja mwenye miwani akasimama mezani.

"Shikamoo, bibi," Sekela akaamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Bibi akaiacha mito mikubwa. Akauchukua mto wa njano. Akalipapasa fundo jekundu kwa kidole.

"Jamani, limetulia! Nautaka huu. Fundi wake ni nani?"

Sekela akamtazama mama. Mama ndiye fundi. Kila mtu Tukuyu anamjua.

Mama akaweka mkono mgongoni kwa Sekela. Akamsogeza mbele, taratibu.

"Fundi ni huyu," akasema.

Bibi akavua miwani. Akamtazama Sekela kuanzia juu mpaka chini. Kisha akampa mkono, kama anavyopewa mtu mzima.

"Hongera, fundi!"

Jioni ile Sekela alisimulia njia nzima. Alisimulia wakati wa kula. Alisimulia wakati wa kunawa miguu. Alipopanda kitandani, sauti ilikuwa imemkauka.

Mama akamfunika blanketi.

"Lala salama, fundi."

"Ee, mama," fundi akaitika, akalala.