Fungu la Togzhan

Asubuhi ile Kamshat alikaanga maandazi, akachemsha chai ya maziwa, akamvisha binti yake Togzhan soksi mbili mbili. Muda wote huo alikuwa akiwaza jambo moja tu: fungu la mama mkwe.

Farasi wa kitoweo cha majira ya baridi alikuwa amechinjwa juzi. Kijijini Tasbulak kila nyumba huchinja farasi mwezi wa Desemba, na nyama ya kwanza kutengwa ni ya ndugu. Huyu ana nyonga yake, yule ana ubavu wake, babu ana kichwa. Fungu la mtu ni la mtu. Mwenyewe akichelewa mpaka theluji iyeyuke, litamngoja. Ukimpa mwingine, umewatukana wawili kwa mpigo.

Mwaka uliopita fungu la mama mkwe, Bibi Zhamal, lilifika mjini anakoishi wiki tatu baadaye. Bibi hakugomba. Aliwaambia tu majirani zake kwamba mwanawe yuko salama, ila amesahau anwani. Maneno hayo yalirudi Tasbulak upesi kuliko basi.

Kwa hiyo mwaka huu Orazbek, mume wa Kamshat, alitaka kufika mapema na mzigo wa kutosha. Alikuwa uani akipakia gari. Nyama ilikuwa imelala nje kwenye baridi kali na kuwa ngumu kama mbao. Buti la gari halikutosha. Akatoa beleshi, akalitupa kwenye theluji. Akatoa kamba ya kuvutia gari, mfuko wa mchanga na blanketi nene la sufu. Kisha ubavu mzima wa farasi ukaingia vizuri.

Kamshat alitoka na chupa ya chai, akaviona vitu vile chini. Akauliza mbona vinabaki.

"Mama Togzhan, tunaenda kwa mama," Orazbek akasema. "Hatuendi kuchimba kisima."

Jirani yao, Mzee Baltabai, alikuwa akiwasha greda lake ng'ambo ya barabara. Kazi yake ilikuwa kusukuma theluji barabarani, na alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Tangu Oktoba alikuwa akimsihi Orazbek aliandae gari, na Orazbek alikuwa akimjibu kesho. Sasa alivuka, akalipiga teke gurudumu la mbele taratibu, akainama akatazama. Matairi yalikuwa yale yale ya kiangazi, laini kama kisigino cha mtoto.

Akauliza tangi lina mafuta kiasi gani. Orazbek akasema robo, watajaza mjini. Mzee akasema upepo umegeuka tangu alfajiri, wangoje kesho.

"Mwendo wa saa moja na nusu tu, mzee. Kabla hujamaliza kupasha moto hilo dude lako, sisi tunakunywa chai ya pili."

Baltabai akainuka. Alimgeukia Kamshat, akamwambia simu asiiweke mkobani. Aiweke kifuani, ndani ya nguo, kwa sababu baridi hula betri. Kamshat akaitia kifuani pale pale, ili amwondolee mzee wa watu wasiwasi. Ndilo jambo pekee la maana walilolifanya asubuhi ile.

Waliondoka saa nne. Kwa nusu saa barabara ilikuwa nyeupe na tulivu. Togzhan, mwenye miaka saba, alikaa nyuma akila andazi. Kisha theluji ikaanza kutambaa juu ya lami, chini chini, kama unga uliopulizwa mezani. Ikapanda hadi magurudumuni. Ikapanda hadi vioo. Mara Kamshat hakuiona tena boneti ya gari lao wenyewe.

Orazbek akakanyaga breki. Matairi yale hayakushika kitu. Gari likazunguka taratibu, likateleza kando, likazama pua kwenye theluji ya mtaroni, likatulia limeinama. Hakuna aliyeumia. Togzhan alicheka, akidhani baba anafanya mchezo.

Orazbek akashuka kusukuma, akarudi baada ya dakika tano, nyusi nyeupe. Akasema angekuwa na beleshi angelitoa gari. Kuna maneno ambayo mke huyameza, na la Kamshat lilikuwa kubwa.

Wakaacha injini ikiwaka ili hita iwapashe joto. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, na upepo ulilitikisa gari kama mtu anayetaka kuingia. Ndani kulikuwa na joto zuri. Orazbek akasema ameona taa, bila shaka ni zizi la kondoo la upande wa kusini, kilomita mbili hivi. Angekimbia akaombe msaada. Kamshat akamshika mkono wa koti. Akamwambia angoje kidogo.

Ndipo Togzhan akasema kichwa kinamuuma. Mama yake akampa chai. Mtoto akainywa nusu, akataka kutapika, akasema analala. Kamshat alijisikia mzito yeye mwenyewe, macho yakifumba. Akajiambia ni uchovu. Lakini mtoto aliyekuwa akicheka sasa hivi halali saa sita ya mchana. Akatoa simu kifuani, yenye joto la mwili wake. Betri ilikuwa imebaki kidogo sana. Akampigia Mzee Baltabai.

Mzee alipokea mara moja. Kamshat akamweleza kwa pumzi moja: wamepita nguzo ya kilomita arobaini na moja, wamo mtaroni, mtoto kichwa kinamuuma.

"Injini inawaka?"

"Inawaka. Kuna baridi, mzee."

"Zima. Zima kwanza, ndipo uniambie mengine."

Kamshat akanyoosha mkono mbele ya mumewe, akazima.

"Fungua mlango wa upande usio na upepo. Mtoto avute hewa ya nje. Nyote mvute. Sasa sikiliza, mwanangu. Theluji imeziba bomba la moshi. Moshi ukikosa njia unarudi ndani mlimokaa. Ndani yake kuna sumu isiyo na harufu wala rangi. Inauma kichwa, inachafua tumbo, halafu inalaza. Mimi nimeshafungua milango ya magari, nikakuta watu wamelala na hita bado ina joto. Hawakuuawa na baridi."

Kamshat alikuwa amemkumbatia Togzhan, uso wa mtoto ukiwa nje ya mlango. Theluji ikaingia hadi mapajani mwao.

Mzee akaendelea upesi. Orazbek afukue bomba mpaka lionekane lote, na nafasi ya mkono mmoja kuzunguka bomba. Waache gari wazi mpaka hewa ibadilike yote na vichwa viwe vyepesi. Baada ya hapo injini iwake dakika kumi tu katika kila saa. Kila mara kabla ya kuiwasha, bomba lifukuliwe upya. Ikiwaka, dirisha la upande usio na upepo liwe wazi upana wa kidole. Wafunge kitambaa chekundu juu ya gari. Wasilale wote kwa pamoja.

"Na mtu asitoke kwenda popote. Gari nitaliona. Mtu sitamwona."

"Orazbek anasema ameona taa."

"Hata akimwona mama yake amesimama na birika, asiende. Mama Togzhan, umenisikia? Asi..."

Simu ikazimika.

Orazbek alikuwa ameyasikia yote. Akatoka, akazunguka nyuma akijishikilia kwenye gari ili asipotee. Bomba halikuonekana kabisa. Akaanza kufukua kwa mikono, na glavu zikaganda papo hapo. Akahangaika na buti mpaka likafunguka. Alitafuta kitu chochote kigumu na kipana. Akautoa ubavu wa farasi, mgumu kama mbao, sehemu ya fungu la mama yake mzazi. Akaanza kuchimba nao.

Kamshat alimwona kupitia kioo cha nyuma, mtu mweusi ndani ya weupe, akichota theluji kwa mbavu za farasi. Siku nyingine angecheka.

Saa zilizofuata zilikuwa ndefu. Bila hita, baridi iliingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Lile blanketi la sufu lilikuwa limelala uani Tasbulak. Wakachukua magunia yaliyofungia nyama, wakamviringisha mtoto. Kamshat akamvua Togzhan viatu, akaiweka miguu yake kwenye tumbo lake, chini ya nguo. Ilikuwa baridi kama samaki. Alivua skafu yake nyekundu, Orazbek akaifunga kwenye waya wa redio juu ya gari.

Dakika kumi za hita, kisha kimya. Orazbek anatoka na ubavu, anafukua, anarudi akitetemeka. Dakika kumi tena. Mshale wa mafuta ulishuka kila walipoutazama. Robo tangi, alikuwa amesema, watajaza mjini.

Mtoto asilale. Kamshat akaanza kumuuliza mafungu. Nyonga ya nani? Ya bibi. Kichwa? Cha babu. Shingo? Ya shangazi Aigerim, ambaye hulalamika kila mwaka. Ubavu? Ubavu baba anachimbia.

"Na fungu langu mimi ni lipi, mama?"

"Watoto hawana fungu. Watoto hula cha nyumbani."

"Kwa hiyo kwenye gari letu hamna changu."

Buti zima lilikuwa limejaa mapenzi kwa watu wazima. Kwa ajili ya mtoto hawakupakia chochote.

Mshale ulikuwa umegusa mstari mwekundu waliposikia mngurumo chini ya upepo. Taa mbili za njano zikatokea juu yao, na nyuma yake greda. Mzee Baltabai akashuka na mnyororo begani. Kwanza alifungua mlango wa nyuma, akamshika Togzhan kidevu, akamtaka ataje jina lake. Mtoto akalitaja. Ndipo mzee akapumua.

Alipozunguka nyuma akauona ubavu umesimikwa kwenye theluji kando ya bomba, mweusi kwa masizi.

"Orazbek," akasema, "beleshi kama hili umelinunua duka gani?"

Orazbek alifungua mdomo kujibu, badala yake akalia. Mzee akajifanya kushughulika na mnyororo.

Wote watatu walipelekwa zahanati. Muuguzi alimvisha Togzhan kifuniko cha oksijeni usoni, akakaa naye mpaka asubuhi. Alisema aliyevuta moshi wa gari aletwe apimwe hata kama anajiona mzima. Kamshat hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisimama usiku kucha ameushika mguu wa mtoto.

Wiki iliyofuata Orazbek alivuka barabara mwenyewe, kofia mkononi, akamwomba Mzee Baltabai aje. Walishinda uani siku mbili. Matairi ya kiangazi yakatoka, yakaingia ya baridi yenye meno ya chuma. Betri ilipimwa, ikaonekana imechoka, ikabadilishwa. Maji ya rejeta yakamwagwa, ikatiwa dawa isiyoganda, na ya kuoshea kioo vivyo hivyo. Mzee alisema tangi lisishuke chini ya nusu mpaka theluji iishe, kwa maana mafuta ndiyo kuni za msafiri. Breki ya mkono isivutwe gari likilala nje, maana huganda na kung'ang'ania. Na kabla ya safari, anayewangoja mwisho wa safari aambiwe mmeondoka saa ngapi, ili msipofika atafute.

Kisha wakapanga vitu. Blanketi la sufu, viatu vya sufu, mishumaa na kiberiti kwenye kopo, jibini kavu, kamba, mchanga, kitambaa chekundu, chaja ya simu. Orazbek akaliweka beleshi kwenye buti. Mzee akalitoa.

"Likae ndani, miguuni pa abiria. Buti likifunikwa na theluji, utalifukua kwa nini? Kwa ubavu?"

Desemba ilirudi. Farasi akachinjwa, mafungu yakatengwa. Asubuhi ya safari Orazbek alipakia, akapima kwa macho, akapakia tena. Moja ya nyonga mbili za Bibi Zhamal haikuingia. Akatazama mbingu, ilikuwa safi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa leo tu, blanketi na lile beleshi vingeweza kubaki. Mkono ukalishika beleshi.

Kamshat alikuwa mlangoni.

"Hilo liache. Ni fungu la Togzhan."

Mkono ukasimama. Hakuna mtu wa Tasbulak anayegusa fungu la mwenzake. Orazbek alilitazama beleshi, akalitazama blanketi, akamtazama binti yake aliyekuwa akifunga vifungo vya koti. Akairudisha nyonga ghalani.

Tufani iliwakuta katikati ya njia. Orazbek alipunguza mwendo mapema, akasimama palipo wazi, akazima. Walikaa saa tatu. Alitoka mara nne kufukua bomba kwa fungu la mwanawe. Togzhan, ndani ya blanketi, alikula jibini na kulalamika kwamba kunachosha.

Bibi Zhamal aliwapokea jioni. Alifungua magunia, akahesabu kwa macho.

"Nyonga ni moja," akasema.

Orazbek akainamisha kichwa. Togzhan ndiye aliyejibu. Alimwambia bibi kwamba nyonga ya pili itakuja wiki ijayo, kwa sababu fungu lake mwenyewe lilikuwa limeshachukua nafasi. Akamshika mkono, akampeleka nje kumwonyesha: beleshi, blanketi, mishumaa, kopo la kiberiti.

Bibi alivitazama kimoja kimoja. Akaligusa blanketi, akasema ni jembamba. Akaingia ndani, akafungua kasha lake la harusi, akarudi amekumbatia blanketi la sufu alilolishona yeye mwenyewe akiwa bado bibi harusi. Akalilaza kwenye kiti cha nyuma, juu ya lile jingine.

"Mwakani," akamwambia mwanawe, "pakia la mtoto kwanza. Mimi nitangoja."