Maji Hayana Msumeno

Kila Ijumaa ya vuli, Eldrid alipotoka shule alikuta mizigo imeshapangwa mlangoni: mkate, jibini ya kahawia, kahawa ya bibi yake Aslaug na soksi za sufu za kubadilisha. Baba aliwasha gari, kaka yake Sindre akang'ang'ania kiti cha mbele, na wote wakapanda mlimani kwenye kibanda chao.

Kilikuwa kibanda cha mbao cha chumba kimoja, hakina umeme, na maji waliyachota kijitoni. Babu yake Bibi alikijenga kwa mbao alizozibeba mgongoni kutoka bondeni, maana wakati ule barabara haikuwapo. Eldrid alijifunza kutembea ndani yake. Mjini walikuwa na nyumba. Kule mlimani ndiko kulikuwa kwao.

Miaka ya karibuni, watu walianza kujenga nyumba kubwa za likizo mlimani, upande wa juu wa kibanda. Misonobari ikakatwa. Kiangazi kimoja Eldrid aliona lundo la matawi ukingoni mwa korongo la kijito, akamwonyesha Baba. Baba akampigia simu Torgeir, mwenyekiti wa wenye nyumba mpya.

"Matawi yale yataziba kalvati la chini ya barabara," Baba alimwambia.

"Usiwe na wasiwasi, nitashughulikia," Torgeir alijibu. Hakushughulikia.

Oktoba mvua ikanyesha usiku na mchana. Kalvati, lile bomba kubwa la saruji lililopitisha kijito chini ya barabara, likaziba. Maji yakakosa njia, yakaruka barabara na kuteremka moja kwa moja kwenye kibanda. Bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani. Familia ilipofika, ilikuta matope na mawe tu. Jiko la chuma lilikuwa limelala kichwa chini mbali kule shambani kwa jirani. Bibi Aslaug akavua kofia yake kama aliye msibani.

Eldrid hakulia. Alikwenda kwenye kalvati akachungulia. Mdomo wa bomba ulikuwa umejaa matawi ya misonobari, na ncha zake zilikuwa zimekatwa sawasawa.

Shuleni, Jostein wa darasa lake alimcheka. "Makelele yote haya kwa ajili ya kibanda kisicho na choo cha ndani? Mmepoteza stoo tu!"

"Na wewe umepoteza adabu," Eldrid alimjibu.

Baraza la wilaya likaitisha mkutano katika ukumbi wa kijiji. Wakiwa njiani, Sindre alimnong'oneza dada yake.

"Sema ulimwona Torgeir akitupa matawi kwa mikono yake. Nani atabisha?"

"Lakini sikumwona."

"Kwani si yeye? Unamwonea huruma?"

Uongo ule ulimvutia Eldrid kuliko alivyotaka kukiri.

Ukumbini, afisa wa baraza alizungumza kwa sauti ya upole. "Tunawapa pole. Lakini hii ni nguvu ya maumbile. Hakuna wa kulaumiwa."

"Kabisa," Torgeir akadakia. "Dhoruba huangusha miti. Ndivyo mlima ulivyo."

Eldrid akajikuta amesimama. "Siyo kweli!"

Vichwa vyote vikageuka. Baba alitaka kumkalisha, lakini Bibi akamshika mkono Baba. "Mwache aseme."

"Kiangazi niliona lundo la matawi ukingoni mwa korongo," Eldrid alisema. "Baba alipiga simu, hakuna aliyekuja kuyaondoa. Baada ya mafuriko nimeyaona matawi kama yale ndani ya kalvati."

"Ulimwona nani akiyatupa?" Torgeir aliuliza.

Sindre akamkanyaga dada yake mguu. Eldrid akauvuta mguu wake.

"Sikumwona mtu."

"Basi!" Torgeir akacheka, akiwatazama wenzake. "Mtoto amesema mwenyewe."

"Sikumwona mtu," Eldrid alirudia kwa sauti kubwa, "lakini matawi yalikatwa kwa msumeno. Dhoruba huvunja, haikati. Na maji hayana msumeno!"

Kisha mama mmoja wa nyumba mpya, aitwaye Marit, akasimama, uso umemwiva.

"Matawi yale ni yetu," alisema. "Torgeir alituambia tuyatupe pale, eti maji yatayabeba. Mtoto huyu angeweza kumtaja yeyote kati yetu, na hakufanya hivyo. Mimi naona aibu kunyamaza."

"Na sisi tulitupa," akasema mwanamume aliyekaa nyuma yake. Torgeir akainamisha kichwa. Afisa alipozungumza tena, hakutaja maumbile. Aliahidi kuweka kalvati pana zaidi kabla ya theluji kuyeyuka, na kupiga marufuku kutupa taka korongoni.

Masika, wenye nyumba mpya walisafisha korongo lote. Baadaye walikuja na mbao na nyundo kujenga kibanda kipya, mahali palipoinuka mbali na kijito. Torgeir naye alikuja, akapewa kazi ya kubeba mawe ya msingi. Hakuna aliyemwonea huruma.

Mchana Bibi Aslaug aliketi juu ya gogo pamoja na wajukuu wake.

"Siku ile nilitamani kudanganya, Bibi," Eldrid alisema.

"Najua. Nilimwona kaka yako akikukanyaga." Sindre akatazama pembeni. "Sikilizeni, wanangu. Mtu aliyedhulumiwa ana haki ya kukasirika. Lakini mngeongeza uongo hata mmoja, wangeushika huo huo na kuusahau ukweli wote uliobaki. Mkidai haki, semeni mlichokiona, kisha komeni hapo."

Eldrid alikitazama kibanda. Kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa kile ambacho babu yake Bibi alibeba mbao zake mgongoni.

"Bado nina hasira," alisema.

"Hata mimi," Bibi akajibu, akiinuka. "Haya, niletee ile mbao."